Tunahesabiwa haki "bure", kisha tunaambiwa tusiipokee neema "bure": hii bure ni ipi?

KaraniWaIbada

Shalom wapendwa. Naomba msaada wa walimu walioko humu.

Kundi letu hukutana Jumatano saa saba mchana hapa mjini. Ni watu kama 14 kutoka ofisi mbalimbali: Waanglikana, PCEA (Wapresbiteri), Wakatoliki, AIC (Africa Inland Church), na Wapentekoste kadhaa. Tuna dakika 40 tu, maana saa nane kila mtu awe kwenye meza yake. Tumepanga Jumatano nne za somo la neema kama zawadi ya Mungu.

Swali lililotukwamisha ni hili. Warumi 3:24 inasema "wanahesabiwa haki bure kwa neema yake". 2 Wakorintho 6:1 inasema "msiipokee neema ya Mungu bure". Biblia ni ile ile ya Kiswahili ya Union, na mwandishi ni yule yule Paulo. Kama ni ya bure, mbona nisiipokee bure?

Pia nisaidieni kupanga vikao hivyo vinne, na mnionyeshe ni wapi watu hupotelea, ili nijiandae mapema.

---

NgeliNaMaana

Ndugu Karani, swali hilo limekaa mahali pake kabisa. Mfasiri hakukosea. Ni neno letu "bure" lililobeba mizigo mitatu kwa wakati mmoja:

"Amepewa bure" ni kupata bila malipo. "Amepigwa bure" ni kupigwa bila sababu. "Ameenda bure" ni kwenda bila faida. Mswahili yeyote huzitofautisha kwa kusikia sentensi yenyewe.

Kwenye Kigiriki, Warumi 3:24 ina neno *dorean*. Limetoka kwa *dorea*, yaani zawadi. Katika Agano Jipya limetumika mara 9, na hapa ndipo Kiswahili kinanifurahisha, kwa sababu *dorean* nalo lina maana zote tatu kama "bure" yetu. Mathayo 10:8, "mmepata bure, toeni bure": bila malipo. Yohana 15:25, "walinichukia bure": bila sababu. Wagalatia 2:21, "basi Kristo alikufa bure": bila faida. Neno moja la Kigiriki, neno moja la Kiswahili, maana zilezile.

2 Wakorintho 6:1 hakuna *dorean*. Pale ni *eis kenon*, na *kenos* ni tupu, kama debe lisilo na kitu. Kwa hiyo Paulo anawasihi: msiipokee ikaishia patupu, isizae chochote. Neno hilohilo *kenos* limo katika 1 Wakorintho 15:10, "neema yake iliyo kwangu ilikuwa si bure, bali nalizidi sana kufanya kazi".

Andika hivi ubaoni siku ya kwanza: imetolewa bila malipo, isipokewe bila matunda. Aya mbili hazigongani.

Na ukipata dakika moja ya ziada, rudi Yohana 15:25. Yesu alichukiwa bila sababu yoyote ndani yake. Warumi 3:24 inasema sisi tumehesabiwa haki bila sababu yoyote ndani yetu. Neno ni lile lile. Ukitafuta ndani ya Yesu kilichostahili chuki, hupati. Ukitafuta ndani yako kilichostahili neema, hupati pia. Kwangu hakuna maelezo ya neema yaliyo wazi kuliko hayo.

---

MwalimuWaKipaimara

Naunga mkono. Mfano ambao kila Mkenya anaelewa ni elimu ya msingi ya bure ya mwaka 2003. Mzazi hakulipa karo, lakini haikuwa na maana kwamba shule haigharimu kitu. Serikali ililipa. Na mtoto aliyeandikishwa kisha akashinda nje ya darasa alipokea elimu ya bure, bure. Maana zote mbili katika sentensi moja.

Ila mfano una kikomo na ni vizuri ukitaje mwenyewe kabla hujaulizwa. Shule haiwezi kumpa mtoto hamu ya kusoma. Neema inatoa hata hiyo hamu. Wafilipi 2:13: "ndiye Mungu atendaye kazi ndani yenu, kutaka kwenu na kutenda kwenu".

---

Mhasibu_Kayole

Kwa vile kundi lako ni la watu wa ofisini, tumia Warumi 4. Ni sura ya mhasibu. Kitenzi *logizomai*, kuingiza katika hesabu, kimo humo mara 11, na Union imekitafsiri vizuri sana: "kuhesabiwa". Chukua 4:4-5. Ukifanya kazi, ujira wako si neema, ni deni la mwajiri. Mwisho wa mwezi mshahara ukiingia humpigii simu mwajiri ukilia kwa shukrani, maana ni haki yako na sheria iko nyuma yako. Aya ya 5 inageuza meza: mtu asiyefanya kazi, bali anamwamini yeye "ambaye amhesabia haki asiyekuwa mtauwa".

Soma maneno hayo ya mwisho polepole. Hakusema Mungu humhesabia haki mtu aliyejirekebisha.

Halafu 6:23. Watu hupita haraka kwa sababu wanaijua kwa moyo. "Mshahara wa dhambi ni mauti." Neno la mshahara pale ni *opsonia*, posho aliyolipwa askari. "Bali karama ya Mungu ni uzima wa milele." Angalia Paulo alichokwepa. Sentensi ilikuwa inamsubiri aseme "mshahara wa haki ni uzima". Hakusema. Upande mmoja ni mshahara, upande wa pili ni zawadi. Mizani haina pande sawa, na amefanya hivyo makusudi.

Sasa picha ya kwetu. Ukiwa na deni la Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, pesa yoyote ikiingia kwenye simu hukatwa deni kwanza, kinachobaki ndicho chako. Wakristo wengi huishi na Mungu hivyo. Wanaamini neema inaingia, ila wanadhani inapita kwanza kwenye deni la mwaka jana, la utoto, la ile mimba, la ile ndoa iliyovunjika, na kinachowafikia ni senti chache. Wakolosai 2:14 inasema hati ya mashitaka ilifutwa na kugongomewa msalabani. Ilifutwa kabla ya wewe kupokea kitu, si kwa makato ya kidogo kidogo.

---

DadaWaUmoja

Asanteni walimu. Lakini hapo ndipo mimi huchanganyikiwa. Kama matendo si malipo, basi imani ndiyo malipo? Kwa sababu huwa tunaambiwa "ukiwa na imani ya kutosha". Sasa ya kutosha ni kiasi gani?

---

NgeliNaMaana

Dada, umegusa kosa la kwanza kwa ukubwa. Karani, liandike: imani kugeuzwa sarafu. Tunaondoa matendo kwenye dirisha la malipo, halafu tunaweka imani pale pale. Mtu anaacha kuhesabu sadaka zake anaanza kuhesabu machozi yake na uzito wa maombi yake. Mzigo haujapungua, umehamishwa bega.

Waefeso 2:8: "mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani; ambayo hiyo haikutokana na nafsi zenu, ni kipawa cha Mungu". Angalia vitu vitatu.

Kwanza, "kwa neema" ndiyo sababu, na "kwa njia ya imani" ni njia. Maji ya Nairobi yanatoka bwawa la Ndakaini. Mfereji ulio jikoni kwako ni njia tu. Hakuna anayeusifu mfereji kwa kutengeneza maji.

Pili, "ambayo hiyo" ni nini? Kwa Kiswahili neema na imani zote ziko ngeli ya I-ZI, kwa hiyo huwezi kujua ni ipi. Kwa Kigiriki zote mbili ni za jinsia ya kike, lakini kiashiria *touto* si cha kike wala cha kiume. Kwa hiyo wafafanuzi wengi wanaona kinashika jambo zima: kuokolewa kote, kwa neema kwa njia ya imani, ni kipawa. Hata ukilichukua hivyo, imani imo ndani ya kifurushi. Haijaachwa nje iwe mchango wako.

Tatu, "mmeokolewa". Kiambishi -me- kinaonyesha jambo lililokwisha na hali yake ingalipo, kama "amelala" au "amekaa". Kigiriki kina umbo la namna hiyohiyo pale. Na -w- ya kutendwa inaonyesha aliyetenda ni mwingine. Herufi chache tu, na fundisho zima limo.

Kuhusu "ya kutosha": Yesu alitaja punje ya haradali, Mathayo 17:20. Anayekuokoa ni yule unayemshika. Mkono unaotetemeka na mkono imara hupokea mkate ule ule.

---

Katekista_Eastlands

Tumsifu Yesu Kristo. Niongeze upande wa Wakatoliki, kwa sababu katika kundi lenye mchanganyiko kuna mtu atasema "ninyi Wakatoliki mnaokolewa kwa matendo", na kikao kitakufa hapo.

Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kikatoliki, kikao cha 6, tarehe 13 Januari 1547, sura ya 8, unasema wazi kwamba hakuna kitu kinachotangulia kuhesabiwa haki, iwe imani au matendo, kinachostahilisha neema hiyo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki namba 1996 inaita neema hisani, msaada wa bure tusioustahili, na namba 2010 inasema hakuna awezaye kuistahili neema ya kwanza.

Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Walutheri Duniani walitia sahihi tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki. Wamethodisti walijiunga 2006. Makanisa ya Reformed (yanayofuata mafundisho ya mwanamageuzi Calvin), ambayo PCEA ni ya familia hiyo, yalijiunga 2017 mjini Wittenberg. Waanglikana walilipokea 2016. Kwa hiyo Waanglikana, PCEA na Wakatoliki wako wa Jumatano, makanisa yao ya kimataifa yamekubaliana kwamba tunapokelewa na Mungu kwa neema tu, si kwa stahili yetu, na kwamba Roho hutuwezesha kutenda mema.

Tofauti zimebaki, siwezi kuzificha. Mkatoliki atasema neema humfanya mtu awe mwenye haki kwa ndani. Mlutheri atasisitiza kwamba anahesabiwa haki kwanza, na utakatifu unafuata. Tunazungumza pia kuhusu stahili za matendo yanayofanywa ndani ya neema, jambo ambalo ndugu zetu hawalipendi. Lakini mlango wa kuingilia ni mmoja, na ndio mnaofundisha.

---

MzeeWaKanisa_Kasarani

Katekista, nashukuru. Mimi ni wa upande wa Calvin na nimekuelewa.

Niongeze kwamba jambo hili lilikatwa Afrika kabla ya Ulaya. Pelagius, mwalimu wa Kikristo wa karne ya tano, alifundisha kwamba mtu ana uwezo wa kuishi bila dhambi akiamua, na kwamba neema hasa ni mwongozo na mfano mwema. Aliyempinga ni Augustino, mzaliwa wa Thagaste, Algeria ya leo, askofu wa Hippo. Maaskofu walikaa Karthago, Tunisia ya leo, mwaka 418, wakalikataa fundisho lile. Mwaka 529 mtaguso wa Orange, Ufaransa, ukaenda hatua moja zaidi: hata ule mwanzo wa kuamini, ile hamu ya kwanza, ni kazi ya neema.

Hii inaua msemo unaopendwa sana mjini, "fanya sehemu yako na Mungu atafanya yake". Watu huamini umo ndani ya Biblia. Haumo. Kwa biashara na masomo unaweza kutia mtu moyo. Kwa wokovu unamrudisha Pelagius kwa mlango wa jikoni. Warumi 5 inataja hali yetu Kristo alipokufa: aya ya 6 tulikuwa dhaifu, ya 8 wenye dhambi, ya 10 adui. Adui hana sehemu anayofanya.

Kama wana wa Calvin na wana wa Wesley katika kundi wataanza kubishana iwapo neema inaweza kukataliwa, wakatishe kwa upole. Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, alifundisha neema itanguliayo, inayomfikia kila mtu na kumwezesha kuitikia. Calvin alifundisha neema inayomshinda mteule. Wote wawili wanasema Mungu ndiye aliyeanza. Dakika 40 hazitoshi kwa zaidi ya hapo.

---

MwalimuWaKipaimara

Kuna kitu bado hatujamwambia Karani, na nadhani ndicho kinachofanya somo hili liwe gumu kwetu hasa. Sisi hatujui zawadi ya bure. Tunajua mchango.

Fikirieni kitabu cha michango ya matanga. Kila jina limeandikwa na kiasi chake: fulani 500, fulani 2,000. Kitabu hakitupwi. Fulani akifiwa, kitabu kinafunguliwa na familia inaangalia alitoa ngapi. Harambee ni hivyo, harusi ni hivyo. Sisemi ni vibaya, hiyo ndiyo inayotubeba mjini hapa ambapo mtu hana shamba. Lakini ni zawadi iliyo na kamba.

Warumi waliopokea barua ya Paulo waliishi hivyohivyo. Seneca, mwanafalsafa wa Kirumi aliyeishi wakati mmoja na Paulo, alishauri watu wachague kwa makini wa kumpa, mtu anayestahili, mwenye shukrani, ili zawadi isipotee. Na hiyo ilionekana busara. Paulo anakuja na Mungu anayempa asiyestahili, adui, asiyeweza kurudisha. Hapo ndipo palipowashtua. Kwamba miungu hutoa, kila mtu alijua. Lakini kwa mtu wa namna hii?

Kwa hiyo tenganisheni mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Neema haina sharti kabla: haitafuti stahili ndipo ije. Lakini neema ina kusudi baada: Waefeso 2:10 inafuata 2:8-9, "tuliumbwa katika Kristo Yesu, tutende matendo mema". Tito 2:11-12 inasema neema inatufundisha kukataa ubaya, na kitenzi pale ni cha mlezi anayemlea mtoto kwa nidhamu. Anayefundisha la kwanza tu huzaa watu wazembe. Anayefundisha la pili tu huzaa watu wenye hofu. Na ukigeuza mpangilio, ukaweka kusudi kuwa sharti, umeua injili yote, hata kama kila neno ulilotumia limo ndani ya Biblia.

Agano la Kale lina mpangilio huohuo. Kutoka 20 inaanza na "niliyekutoa katika nchi ya Misri", ndipo amri kumi zinafuata. Walivuka bahari katika sura ya 14. Sinai ni sura ya 19. Hawakupewa amri wakiwa Misri ili wakizishika watolewe.

---

KijanaWaPipeline

Na hili la kupanda mbegu? Unawasha redio asubuhi, mhubiri anatoa namba ya till, anasema tuma 310 ya Zaburi 3:10 sijui, upokee neema yako. Huko tunasemaje?

---

MzeeWaKanisa_Kasarani

Kijana, kwanza Zaburi 3 ina aya 8 tu. Mtu akikupa namba ya aya ili utume pesa, fungua uone kama aya ipo.

Jibu liko Matendo 8:18-20. Simoni aliwaletea mitume fedha apewe uwezo wa kumpa mtu Roho Mtakatifu kwa kumwekea mikono. Petro: "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe, kwa kuwa umedhania ya kuwa karama ya Mungu yapatikana kwa mali." Petro hakusema kiasi ni kidogo.

Aya ya mbegu wanayoitumia ni 2 Wakorintho 9:6, "apandaye haba atavuna haba". Someni sura ya 8 na ya 9 pamoja. Ni mchango wa maskini wa Yerusalemu. Aya inayofuata inakataza kutoa "kwa lazima". Na neno *charis*, neema, limo katika sura hizo mbili mara 10: kwa neema ya Mungu mwanzoni mwa sura ya 8, kwa mchango wenyewe katika 8:6-7, na kwa shukrani katika 9:15. Neema inashuka, inakuwa ukarimu kwa maskini, inarudi juu kuwa shukrani. Hakuna mahali katika mzunguko huo ambapo pesa inaanza na neema inafuata.

---

NgeliNaMaana

Na neno "neema" lenyewe limetuchezea kidogo. Limetoka Kiarabu, *ni'ma*. Katika Kiswahili cha kila siku neema ni shibe: mwaka wa neema ni mwaka wa mavuno, nchi ya neema ni yenye rutuba. Kwa hiyo mtu akisikia "pokea neema" anasikia ghala likijaa. Maana hiyo si ya uongo, lakini *charis* ya Paulo ni pana kuliko ghala. Alipoambiwa "neema yangu yakutosha", 2 Wakorintho 12:9, alikuwa ameomba mara tatu mwiba uondoke, na haukuondoka.

---

Mhasibu_Kayole

Mfano mwingine wa simu. Ukitumiwa pesa kwa M-Pesa huingizi namba ya siri. Anayetuma ndiye anayeingiza. Wewe simu inalia tu.

---

Katekista_Eastlands

Mhasibu, mfano mzuri, ila ufunge haraka. Namba ya siri utaihitaji ukitaka kutoa hizo pesa, na mjanja wa kundi atakuuliza hiyo namba ni nini. Pia neema si kitu kinachotumwa kutoka mbali na mtumaji akabaki kwake. Katika neema Mungu anajitoa mwenyewe. Mifano yote ya pesa inaishiwa nguvu hapo.

Ndiyo maana kikao cha tatu ningekitoa kwenye hesabu kabisa, nikakipeleka kwa Mefiboshethi, 2 Samweli 9. Mtoto wa Yonathani, mjukuu wa Sauli. Aliangushwa na mlezi wake akiwa na miaka 5, 2 Samweli 4:4, akawa kiwete miguu yote miwili. Anakaa Lo-debari. Kwa desturi za falme za zamani, mfalme mpya akimwita mjukuu wa mfalme wa zamani, mwito huo ni wa kifo.

Waache wasome wenyewe na watafute sababu ya Daudi. Imeandikwa: "kwa ajili ya Yonathani". Mefiboshethi hana alichofanya, agano lilikatwa na baba yake, 1 Samweli 20. Anajiita mbwa mfu. Daudi habishani naye kuhusu hilo, anageuka anamwita Siba, mtumishi wa nyumba ya Sauli, na kumpa maagizo ya shamba. Siba ana wana 15 na watumishi 20, wote wanawekwa kumlimia kiwete. Kisha aya ya mwisho: alikula mezani pa mfalme siku zote, "naye alikuwa kiwete miguu yote miwili". Mwandishi ameurudia ulemavu mwishoni, mtu akiwa tayari ameketi mezani. Kitambaa cha meza kinafunika miguu, lakini miguu haijabadilika. Nyamaza hapo dakika nzima. Kuna mtu katika kundi lako anayedhani atakaribishwa akishapona.

---

KaraniWaIbada

Wapendwa, mmenifungua macho. Naomba sasa mpangilio wenyewe, dakika kwa dakika kama inawezekana. Na Yakobo 2 nimweke wapi? Ataletwa tu.

---

MwalimuWaKipaimara

Yakobo 2 usimpe kikao, mpe dakika 5 katika kikao cha nne. Paulo katika Warumi 4 ananukuu Mwanzo 15, Abrahamu akiamini ahadi. Yakobo anachukua Mwanzo 22, Isaka madhabahuni, miaka mingi baadaye. Paulo anamjibu anayeuliza "nitakubaliwaje?" Yakobo anamjibu anayesema "nimeamini" huku ndugu yake hana nguo wala chakula. Kumjibu mmoja kwa swali la mwenzake ndiko kunakoleta vita.

Mpangilio ningeuweka hivi. Kila kikao: dakika 5 kusoma kwa sauti, 20 za maswali, 10 za mafundisho yako, 5 za maombi. Usianze na mafundisho, watu wa saa saba wamechoka na watasinzia.

Kikao cha 1, Warumi 3:21-28. Kila mtu na kalamu. Wapige mstari chini ya kila kitenzi cha kutendwa, wenye ile -w-, kisha waseme mtendaji ni nani. Malizia na "bure" tatu za NgeliNaMaana.

Kikao cha 2, Warumi 4:1-8 na 6:23. Chora safu nne: mshahara, mkopo, mchango, zawadi. Chini ya kila safu waandike nani anadai nani. Safu ya nne itabaki tupu, nao watashangaa kwa nini. Waache washangae kabla hujaeleza. Usiweke kikao hiki mwisho wa mwezi, mishahara ikiwa imechelewa hawatasikia kitu kingine.

Kikao cha 3, Mefiboshethi kama alivyosema Katekista.

Kikao cha 4, Warumi 6:1-14, Tito 2:11-14, na Yakobo. Swali la 6:1, "Tudumu katika dhambi ili neema izidi kuwa nyingi?", lazima liulizwe na mtu wa kundi, si wewe. Kama vikao vitatu vimepita na hakuna hata mmoja aliyeuliza hivyo, ujue hujaihubiri neema kama Paulo alivyoihubiri, kwa sababu yeye waliposikia ndilo lililowajia. Rudi kikao cha 2.

Na ukiulizwa, jibu la Paulo si "ukiendelea neema itaisha". Jibu lake ni kwamba ulikufa pamoja na Kristo katika ubatizo, sasa utaishije mahali ulipofia? Hatishi kwa kuiondoa zawadi. Anaeleza zawadi ilikuwa nini.

---

DadaWaUmoja

Mwalimu, na yule aliyeanguka dhambi ile ile mara ya kumi? Huyo habishani na Warumi 6, amekata tamaa tu. Anaacha kuja kabisa.

---

Katekista_Eastlands

Dada, huyo usimpe Warumi 6 siku hiyo. Mpe 1 Yohana 1:9 na 2:1, na umketishe na mtu. Mkatoliki mpeleke kwa padre, kwenye kitubio. Wengine, mzee wa kanisa anayeaminika, asiyesambaza siri. Msiba wa mtu huyo ni kwamba anangoja apate nafuu ndipo arudi. Mwambie kwa maneno machache kwamba kurudi kwenyewe, ile hamu inayomsumbua usiku, si yake peke yake. Ni Mungu ameshaanza kumfuata. Matendo 11:18 inaita hata toba kitu kilichotolewa na Mungu.

Na msimpe kazi siku hiyo. Msimwambie afunge siku tatu kwanza.

---

MzeeWaKanisa_Kasarani

Karani, moja la mwisho kwa kikao cha 2. Ukiwa na muda ongeza Mathayo 20, vibarua wa shamba la mizabibu. Huhitaji kueleza saa. Walioajiriwa mwisho walikuja kama saa kumi na moja, na ni saa kumi na moja yetu kabisa, jua likielekea kuzama, vibarua wa mjengo wakiosha miguu. Waulize tu: fundi aliyeanza alfajiri ana malalamiko gani halali? Alikubaliana dinari moja, amepata dinari moja. Hakuibiwa. Kinachomuuma ni kumwona mwenzake amepewa. Wape muda wa kutosha kwa aya ya 15, "Au jicho lako limekuwa ovu kwa sababu ya mimi kuwa mwema?" Wasikimbilie kumsema Farisayo. Walio waaminifu kanisani miaka 20 ndio walioingia shambani alfajiri.

---

KaraniWaIbada

Nimenakili yote kwenye daftari. Tunaanza Jumatano ijayo, Warumi 3, kalamu 14. Nitaleta hapa maswali watakayouliza.